Mtoto Huyu Hasikii

Somo: Marko 7:31-37

Padre ameniomba niandike ukurasa wa mafundisho wa mwezi huu, nami nimechagua habari za yule kiziwi aliyeletwa kwa Yesu katika nchi ya Dekapoli. Wazee wetu watakumbuka kwamba katika Kitabu cha Sala cha zamani hiyo ndiyo Injili ya Jumapili ya kumi na mbili baada ya Utatu. Tumeisikia mara nyingi. Lakini nadhani tumeisikia bila kuyaangalia masikio yenyewe, na leo napenda tuyaangalie.

Katika Kiswahili chetu tunasema, "Mtoto huyu hasikii," na mara nyingi hatuna maana kwamba masikio yake ni mabovu. Tuna maana kwamba ni mkaidi, haambiliki. Twasema pia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali hizi zina hekima zikitumiwa mahali pake. Lakini neno moja likibeba maana mbili, ni rahisi mtu kuishika maana ya pili kabla hajaichunguza ya kwanza. Mimi nilifanya hivyo, na aliyelipa gharama yake ni mtoto.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu si siku nyingi, nikapewa darasa la nne katika shule moja ya msingi upande wa Temeke. Watoto walikuwa wengi kuliko madawati. Nyuma kabisa, karibu na dirisha la barabarani, aliketi mvulana mmoja mpole ambaye sitamtaja jina. Nikiuliza swali aliutazama mdomo wangu, halafu akawatazama wenzake. Nikisoma imla aliandika maneno ambayo sikuyasema. Nikimwita akiwa amenipa kisogo hakuitika. Nilimwonya, kisha nikamchapa, wala si mara moja. Katika taarifa yake ya maendeleo niliandika: Hasikii anapofundishwa.

Siku moja bibi yake alikuja shuleni. Nilimpa shikamoo, akaitika, akasimama pale mlangoni akasema, "Mwalimu, huyu mjukuu wangu sikio lake moja latoka usaha tangu alipougua surua, na la pili nalo si zima. Sisi nyumbani twamwita kwa kumgusa bega."

Siku ile ile nilimhamishia dawati la mbele. Imla zake zikawa nzuri. Lakini mpaka mwisho wa mwaka hakunyosha mkono kujibu swali langu hata mara moja. Wala mimi sikumwomba radhi, maana siku zile mwalimu kumwomba mtoto radhi lilikuwa jambo lisilofikirika. Nimefundisha mamia ya watoto hata nikastaafu, na huyo ndiye ninayemkumbuka kila tunapopiga magoti kuungama.

Basi turudi kwa Marko. Tazameni mambo matatu.

La kwanza, kiziwi yule hakuja mwenyewe, aliletwa. Watu wa kwao walimwona, wakatambua shida yake, wakachukua hatua. Hawakukaa barazani kumwita mkaidi. La pili, Bwana alimtenga na mkutano, akaenda naye faraghani. Hakumfanya tamasha mbele ya watu. La tatu, alitia vidole vyake masikioni mwake na kuugusa ulimi wake, akatazama juu mbinguni, akaugua. Nilipokuwa kijana nilijiuliza vidole vilikuwa vya nini, maana Bwana angeweza kuponya kwa neno tu, hata akiwa mbali. Leo naona kwamba mtu asiyesikia hawezi kuelezwa kwa maneno. Yesu alizungumza naye kwa mikono na kwa macho, kwa namna ambayo yule mtu angeielewa, ndipo akatamka lile neno la Kiaramu, Efatha, akiyaamuru masikio yafunguke. Alimjulisha kwanza, kisha akamponya.

Bwana alilijua sikio kwa kuwa yeye ndiye aliyeliumba. Sisi hapana budi tujifunze, ili tusije tukamhukumu mtu kwa jambo tusilolijua.

Sikio tunaloliona nje ni mlango tu. Kazi yake ni kuikusanya sauti na kuielekeza katika njia nyembamba yenye urefu wa kiasi cha sentimita 2 na nusu. Mwisho wa njia hiyo pana ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma, nasi twaiita ngoma ya sikio. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Hewa ikitikisika, ngoma nayo hutikisika. Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo chenye hewa, na ndani yake mifupa mitatu iliyoshikamana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, urefu wake ni kiasi cha milimita 3. Mifupa hii huupokea mtikisiko wa ngoma na kuusukuma ndani zaidi.

Huko ndani kuna chombo kilichojikunja mfano wa konokono, mizunguko miwili na nusu, nacho kimejaa maji. Mtikisiko ukifika hapo, maji huenda mawimbi. Ndani ya maji hayo zimepangwa chembe hai zenye vinywele vidogo mno, kiasi cha 15,000 katika kila sikio. Zile za mlangoni huitikia sauti nyembamba, kama ya filimbi au ya mtoto mchanga. Zile za ndani kabisa huitikia sauti nene, kama ya ngoma kubwa. Mawimbi yakivipindisha vinywele, chembe hizo hutuma habari katika mshipa wa fahamu, na mshipa huipeleka kwenye ubongo. Hapo ndipo tunaposema, "Nimesikia." Chembe hizo tunazaliwa nazo, na zikifa hazioti tena. Mwenyezi Mungu ametupa akiba moja tu ya maisha yote.

Kwa hiyo kutosikia ni kwa namna kubwa mbili. Namna ya kwanza, njia imezibwa au imeharibika: nta imejaa, ngoma imetoboka, usaha umekaa katika chumba cha mifupa. Namna ya pili, chembe za ndani au mshipa wenyewe umedhurika. Mtu mmoja aweza kuwa na zote mbili. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu namna ya kwanza mara nyingi hutibika, na ya pili mara nyingi haitibiki kwa dawa, bali husaidiwa kwa njia nyingine.

Mambo yanayoleta shida hii tunaishi nayo hapa hapa Temeke na Kinondoni. Surua hudhuru masikio ya mtoto. Rubela ikimpata mama mjamzito yaweza kumfanya mtoto azaliwe kiziwi, na ndiyo sababu tangu mwaka 2014 watoto wa nchi yetu wanachanjwa surua na rubela kwa pamoja, mara ya kwanza wakiwa na miezi 9 na mara ya pili miezi 18. Homa ya uti wa mgongo, manjano makali ya mtoto mchanga, na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa vyaweza kuleta uziwi. Baadhi ya dawa za sindano, kama jentamaisini na streptomaisini, zaweza kuziua chembe za ndani, ndiyo maana hutolewa kwa kipimo cha daktari wala si kununuliwa ovyo. Mafua ya mtoto yasiyotunzwa hupita katika mrija unaounganisha koo na chumba cha mifupa, usaha ukajaa, ngoma ikapasuka.

Kisha kuna kelele. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo yetu ya kawaida ni kiasi cha 60. Shirika la Afya Duniani linatufundisha kwamba sikio laweza kustahimili desibeli 80 kwa muda wa saa 40 katika juma. Zikifika 90, muda huo unashuka hadi saa 4. Zikifika 100, ni dakika 20 tu kwa juma zima. Fikirini fundi anayekata vyuma kwa msumeno wa umeme tangu asubuhi, kijana aliyeziba masikio yake kwa muziki wa simu safari nzima kutoka Mbagala hadi mjini, na watoto wanaocheza mbele ya spika za sherehe usiku kucha. Tena, ndugu zangu, tusiwanyoshee wengine kidole tu. Makanisa nayo yana spika. Nimeona kwaya ya watoto wetu ikisimamishwa hatua mbili kutoka kwenye spika kubwa, ati wapate kusikia vizuri muziki. Tunawafundisha kumsifu Mungu kwa masikio ambayo tunayaua.

Na mwisho kuna uzee. Hapa niseme habari zangu mwenyewe, kwa sababu nimejifunza kwamba kuficha hakusaidii.

Miaka michache iliyopita watu wa nyumbani walianza kulalamika kwamba redio yangu inasikika mpaka kwa jirani. Nilisema redio ni mbovu. Katika kikao cha halmashauri ya mtaa nilijibu swali ambalo halikuulizwa, watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu. Mjukuu wangu akiniambia "taka" mimi nasikia "paka". Nilimwambia azungumze kama mtu, asinung'unike. Siku moja akamwambia mama yake, nami nikiwa nimemtazama usoni nikamwelewa kwa midomo yake, "Babu hasikii."

Neno lile lile. Nilikumbuka yule mvulana wa dirishani, nikaona haya.

Twasoma katika 2 Samweli sura ya 19 habari za mzee Barzilai Mgileadi. Mfalme Daudi alitaka kumchukua aende kula naye mezani pake Yerusalemu. Mzee yule, mwenye umri wa miaka 80, alimjibu mfalme waziwazi kwamba haonji tena ladha ya chakula, wala hazisikii tena sauti za waimbaji, waume kwa wake. Hakuona haya kusema hivyo mbele ya mfalme. Mfalme hakumcheka, alimbusu na kumbariki. Nikajisema, ikiwa Barzilai aliweza kumwambia mfalme, mimi nashindwaje kumwambia daktari?

Basi nilikwenda, na nawaeleza jinsi ilivyokuwa ili asiwepo wa kuogopa. Kwanza daktari alichungulia masikio yangu kwa chombo chenye taa. Akatoa nta. Kisha akachukua chuma chenye umbo la uma, akakigonga kikaanza kulia, akakishika karibu na sikio langu, halafu akakikalisha kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akiuliza ni wapi nasikia zaidi. Jaribio hili dogo lilielezwa na daktari Mjerumani aitwaye Rinne mwaka 1855, na mpaka leo linafaa. Sikio lililozibwa husikia vizuri zaidi kupitia mfupa kuliko kupitia hewa. Sikio lenye njia nzima husikia vizuri zaidi kupitia hewa. Kwa chuma kimoja daktari anapata dalili kama kasoro iko njiani au iko ndani.

Baada ya hapo niliingizwa katika chumba kidogo kisichopitisha kelele, nikavikwa visikizi, nikapewa kitufe. "Ukisikia mlio, hata ukiwa mdogo kama wa mbu wa mbali, bonyeza." Milio ilikuja, minene na myembamba, ikipungua mpaka nikawa sijui kama nasikia au nakumbuka. Mwishoni nilionyeshwa mchoro wa masikio yangu. Upande wa sauti nene mstari ulikuwa juu, mzuri. Kuelekea sauti nyembamba ulishuka kama mtu anayeteremka mlimani. Nikaelezwa kwamba ndivyo masikio ya wazee yalivyo: sauti za a, e, i, o, u twazisikia, lakini s, f, t, k na sh zinatuponyoka. Ndiyo maana mzee husema, "Nasikia unasema, lakini sielewi unachosema." Na ndiyo maana sauti ya mtoto hutupotea mapema kuliko ya mtu mzima mwanamume. Mjukuu wangu hakuwa akinung'unika.

Hata mtoto mchanga asiyeweza kubonyeza kitufe hupimwa. Mwaka 1978 mwanasayansi David Kemp wa London alionyesha kwamba sikio zima, likipokea sauti, hurudisha mwangwi mdogo mno. Leo kuna chombo kinachowekwa mlangoni mwa sikio la mtoto aliyelala, kikatoa mlio na kuusikiliza mwangwi huo. Mtoto asiyerudisha mwangwi hupimwa zaidi. Nanyi akina mama mna kipimo chenu: mtoto asiyeshtuka mlango ukibamizwa, asiyegeuka kwa sauti yako anapofika miezi 6, asiyetamka neno lolote anapopita mwaka mmoja na nusu, asisubiriwe. Msikubali kuambiwa tu kwamba baba yake naye alichelewa kusema.

Sasa habari za matibabu. Nta hutolewa na mganga wa hospitali, si kwa kijiti cha kiberiti wala pini ya nywele. Msitie sikioni mafuta ya taa, maji ya betri, wala mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto. Sikio linalotoka usaha hukaushwa kwa pamba au kitambaa safi kilichosokotwa, maji yasiingie wakati wa kuoga, na hutiwa matone aliyoandika daktari. Ngoma iliyotoboka yaweza kupona yenyewe, na isipopona yaweza kuzibwa kwa upasuaji. Usaha wa sikio si jambo la utoto linalokwisha lenyewe. Mtoto akiwa na homa na uvimbe nyuma ya sikio, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na mtu mzima ambaye sikio lake limezimika ghafula, kwa saa chache au siku moja, naye aende upesi, maana dawa ya hali hiyo ina siku zake, zikipita haifai tena.

Pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo mtu huandikiwa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Temeke au Mwananyamala, na shida ikiwa kubwa zaidi huenda Muhimbili, yenye Idara ya Masikio, Pua na Koo.

Kwa wale ambao chembe za ndani zimepungua, kuna kifaa cha kusaidia kusikia, ambacho walimu wa viziwi wamezoea kukiita shimesikio. Kifaa hiki huikuza sauti, na hurekebishwa kufuata mchoro wa masikio ya mhusika. Kwa sababu hiyo hakifai kuazimana kama miwani ya kusomea. Mimi ninacho. Siku za kwanza kilinichosha: nilisikia viatu vyangu, nilisikia sufuria, nilisikia feni. Ubongo uliozoea kimya huhitaji majuma kadhaa kuzoea tena ulimwengu. Lakini Jumapili moja mtoto alisoma somo la kwanza nami nikalisikia mpaka mwisho.

Kwa mtoto aliyezaliwa haisikii kabisa sauti, ambaye kifaa hicho hakimfai, kuna upasuaji wa kupandikiza waya mwembamba ndani ya kile chombo cha konokono, ili umeme mdogo ufanye kazi ya zile chembe zilizokosekana. Zamani watoto wetu walipelekwa India kwa upasuaji huo. Tangu Juni 2017 unafanyika Muhimbili. Ni shukrani kubwa. Lakini gharama zake ni mamilioni mengi, unamfaa zaidi mtoto aliyewahishwa, na baada yake kuna miaka ya kumfundisha kusikia na kusema. Si kila mtoto ataupata.

Hapo ndipo watu wengine hukata tamaa, na wengine hupeleka watoto wao kwenye mikutano ya uponyaji, kila juma mkutano mwingine. Nasema jambo hili kwa upole. Mimi naamini Bwana anaponya. Lakini nimemwona mama mmoja akirudi na mtoto wake kutoka mkutano wa namna hiyo, ameambiwa kwamba mtoto hakupona kwa kuwa mama hana imani. Mzigo aliotoka nao ulikuwa mzito kuliko ule aliokwenda nao. Bwana wetu hakumwambia neno kama hilo yule mtu wa Dekapoli wala wale waliomleta. Aliugua pamoja naye.

Wapo pia wanaouliza, ikiwa mtume Paulo katika Warumi sura ya 10 afundisha kwamba imani huja kwa kusikia, je, kiziwi ataaminije? Nawajibu kwa Luka sura ya 1. Zakaria alipokuwa amefungwa ulimi, jamaa zake walimwuliza kwa ishara mtoto aitwe nani, naye akaomba kibao akaandika. Habari njema ya Yohana ilipita kwa mikono na kwa maandishi, wala haikupungukiwa kitu. Neno la Mungu halikufungwa ndani ya tundu la sikio. Viziwi wana lugha yao ya alama, lugha kamili yenye kanuni zake. Wanaweza kusali kwayo, kuungama kwayo na kumsifu Mungu kwayo. Katika nchi yetu shule ya kwanza ya viziwi ilianzishwa Tabora mwaka 1963 na ndugu zetu Wakatoliki, na hapa Dar es Salaam ipo shule ya Buguruni tangu mwaka 1974. Mzazi mwenye mtoto kiziwi asimfungie ndani. Mtoto asiyepewa lugha yoyote mapema, ya sauti wala ya alama, ndiye anayepoteza zaidi. Kutosikia peke yake hakumzuii mtu kuwa fundi, mwalimu, mzazi au Mkristo imara. Kunyimwa lugha ndiko kunakomzuia.

Tena tukumbuke Walawi 19, aya ya 14, ambapo Mungu anatukataza kumlaani kiziwi. Kwa nini katazo hilo, hali kiziwi hataisikia laana? Nadhani ni kwa sababu hiyo hiyo. Yeye hawezi kujibu, lakini Mungu amesikia. Kila nilipoandika "hasikii" katika taarifa ya yule mtoto, Mungu alisoma.

Basi, wapendwa, mtaa wetu ufanye nini? Sisemi mambo makubwa. Walimu wa Shule ya Jumapili, mtoto asiyeitika akiitwa, mgeuzeni awatazame, mwulizeni tena polepole, kabla hamjamkemea. Na akiendelea hivyo waiteni wazazi wake. Wasomaji wa masomo, inueni nyuso zenu, maana wako wanaosoma midomo yenu. Wasimamizi wa vyombo vya muziki, punguzeni sauti ya spika, na watoto wasisimame mbele yake. Wazee wa kanisa, acheni viti vya mbele kwa wazee wasiosikia vizuri, nao wasione haya kuvikalia. Umoja wa Mama mnaotembelea wazazi, ulizeni habari za chanjo na za masikio kama mnavyouliza habari za uzito wa mtoto. Nyumbani, mzee akijibu jambo ambalo hakuulizwa, msicheke. Msogeleeni, msemeni naye uso kwa uso, si kwa kupaza sauti bali kwa kutamka vizuri. Na yule anayehitaji kwenda hospitali, msimwambie tu aende. Mwenye nauli amsaidie nauli, mwenye nafasi amsindikize. Wale wa Dekapoli walimleta mtu wao kwa miguu yao.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba karibu 60 katika kila 100 ya watoto wenye kasoro ya kusikia wamepatwa na mambo ambayo yangeweza kuzuiwa. Kwa hiyo tuitazame upya ile methali yetu. Liko sikio la kufa lisilosikia dawa, ni kweli. Lakini mengi tuliyoyaita ya kufa yalikuwa ni ya kuugua tu, na hakuna aliyeyaletea dawa.

Yule mvulana, kama yu hai, sasa ni mtu mzima aliyepita miaka hamsini. Sijui yuko wapi. Labda anakaa Tandika au Mbagala, labda tunapanda daladala moja. Kama gazeti hili litamfikia, nataka asome kwa macho yake jambo ambalo sikumwambia masikioni: Mwanangu, hukuwa mkaidi. Mimi ndiye niliyekuwa sisikii. Unisamehe.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyemtenga kiziwi na makutano ukamgusa kwa mkono wako, uwaguse wote wasiosikia katika nyumba zetu. Wape madaktari na walimu wao ustadi na uvumilivu. Utufungue sisi wenye masikio mazima, tumsikie jirani kabla ya kumhukumu. Uyapokee masikio yetu yanayochoka, hata siku ile tutakapoisikia sauti yako na kuishi. Amina.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu, mshiriki wa mtaa huu